Kwa nini picha inang'aa kwenye simu na kuzama gizani kwenye karatasi

Picha yenyewe ilikuwa ya shangazi yangu. Ameketi kando ya dirisha, simu nimeilaza, naye anacheka kwa jambo ambalo hakuna anayelikumbuka tena. Kwenye simu ilinipendeza mno hata nikaamua kuisafisha kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 30, niitundike ukutani. Iliporudi ndani ya bahasha nilimwona mtu mwingine. Uso umezama gizani. Utosi umekatwa. Ukuta wa nyuma, uliokuwa laini, umegeuka viraka viraka kama vigae vidogo. Na gauni lake la buluu lililokuwa linawaka limepoa, kama limefuliwa mara mia.

Nikailaumu printa. Ilinichukua muda kukubali kwamba printa haikukosea hata kimoja. Ilichapa kile kile nilichoipelekea. Makosa yalikuwa manne, kila moja na mzizi wake, na mizizi yote ilikuwa upande wangu. Nitaichimbua mmoja mmoja, ingawa haitalingana kina, maana wa kwanza ndio uliokwenda chini zaidi.

Karatasi haina taa

Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe. Karatasi haitoi chochote. Inarudisha tu mwanga ulioiangukia. Weupe mkubwa kabisa unaoweza kuupata kwenye picha iliyochapwa ni weupe wa karatasi yenyewe, na huo nao unategemea taa ya chumba ulichomo. Simu haina kikwazo hicho. Ukitoka nayo juani inajiongezea mwangaza bila kukuuliza, na wewe unaendelea kuamini kwamba picha ndiyo inayong'aa.

Wanaotayarisha picha za kuchapwa hushusha mwangaza wa skrini zao hadi kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Simu nyingi za sasa zinavuka 500 bila taabu. Kwa hiyo unapoikagua picha kwenye simu iliyowashwa kikamilifu, ni kama umeimulikia tochi kwa nyuma, halafu unashangaa kuiona nyeusi tochi ilipozimwa.

Kuna jaribio la dakika mbili ambalo limenisaidia kuliko programu yoyote ya kuhariri. Keti kwenye chumba chenye mwanga wa kawaida, chukua karatasi nyeupe tupu, iweke kando ya simu. Fungua ukurasa mweupe usio na kitu. Zima marekebisho ya mwangaza yanayojiendesha, zima na ile hali ya usiku inayotia umanjano, kisha shusha mwangaza polepole mpaka weupe wa kioo ulingane na weupe wa karatasi. Utashangaa jinsi unavyolazimika kushuka. Sasa fungua picha yako. Hicho unachokiona, zaidi au pungufu kidogo, ndicho karatasi itakachokupa.

Kuna na upande wa pili wa jambo hilo. Weusi wa karatasi nao si weusi kamili, kwa sababu hata wino mzito unarudisha mwanga kidogo, na kwenye karatasi isiyong'aa unarudisha zaidi. Skrini ya OLED, aina ambayo kila nukta yake (pikseli) inajiwakia yenyewe, inaweza kuzima kabisa pikseli zake. Karatasi imebanwa juu na chini: nyeupe yake si nyeupe sana, nyeusi yake si nyeusi sana. Vyote vilivyokuwa vimetulia kwenye vivuli, kama mikunjo ya nguo, nywele, upande wa shavu usiotazama dirisha, vinasukumana kwenye nafasi ndogo na kugeuka doa moja.

Ndiyo maana kuongeza mwangaza wa picha nzima hakuponyi. Sehemu zilizokwisha kuwa nyeupe zitapotea, na vivuli vitabaki vizito. Unachopaswa kuinua ni vivuli na ule ukanda wa katikati, yaani ngozi, kuta, nguo za rangi ya wastani, huku sehemu angavu ukiziacha zilipo. Programu nyingi za kuhariri zina vidhibiti tofauti vya kazi hizo mbili. Usiviburute pamoja.

Kamera inaamini dunia yote ni ya kijivu

Lakini uso wa shangazi haukuzama kwa sababu ya kioo cha simu peke yake. Ulikuwa umeanza kuzama siku niliyopiga.

Ndani ya kila kamera ya kisasa kuna kipimo cha mwanga, na kipimo hicho hakijui kinatazama nini. Kazi yake ni kupanga mwanga ili kilichomo kwenye fremu, kwa wastani, kitoke na kijivu cha katikati, kile ambacho wapiga picha wa filamu walikiita kijivu cha asilimia 18. Siku nyingi ubashiri huo unafaa. Ukiweka mtu aliyevaa nyeupe mbele ya ukuta mweupe, kamera inadhani mwanga umezidi na inapunguza. Nguo inatoka kijivu na uso unatoka mweusi zaidi ya ulivyo. Mtu aliyevaa nyeusi mbele ya pazia jeusi, inakosea kinyume. Dirisha likiwa ndani ya fremu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa dirisha linameza hesabu yote. Simu za sasa zimeerevuka, zinatafuta uso na kuchanganya picha kadhaa zilizopigwa kwa mpigo mmoja, lakini bado zinashindwa, na mara nyingi zinashindwa palepale kwenye dirisha.

Dawa iko kidoleni. Gusa uso kwenye kioo, subiri kialama cha jua kitokee, kiburute juu au chini mpaka ngozi ionekane sawa. Ukishikilia kidole kidogo, simu nyingi zinafunga kipimo hicho hapo, usilazimike kurudia kila ukibonyeza. Kwenye kamera kamili kuna kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa kinachofanya kazi hiyo hiyo.

Tahadhari ni moja: kilichoungua hakirudi. Sehemu iliyozidiwa na mwanga hadi ikawa nyeupe tupu haina habari yoyote ndani ya faili, na kwenye karatasi inatoka bila wino kabisa, kama mtu aliyesahau kumalizia kuchora. Kilichozama gizani kinaweza kuvutwa juu kiasi, ingawa kitakuja na chembechembe. Picha za JPEG, muundo wa kawaida wa faili za picha, zina ngazi 256 tu kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na buluu. Faili ghafi (RAW), ambayo kamera nyingi na simu kadhaa zinaweza kuihifadhi, huwa na ngazi 4,096 au hata 16,384. Hizo ngazi za ziada ndizo akiba unayochota unapovuta vivuli. Kwa picha unayojua tangu mwanzo kwamba utaichapa kubwa, tumia faili ghafi.

Kwa ngozi nyeusi suala hili lina historia, tena si ya kupendeza. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za picha kadi za kupimia rangi, zikiwa na picha ya mwanamke mweupe. Wa kwanza, mfanyakazi wa kampuni hiyo, aliitwa Shirley, na jina likabaki kwa kadi zote zilizofuata hata kama aliyekuwa kwenye picha hakuwa Shirley. Mashine zilirekebishwa mpaka ngozi yake itoke vizuri. Ngozi nyingine zote zilijitegemea. Msukumo wa kuboresha filamu ulitokana kwa sehemu na malalamiko ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliochoka kuona aina zao za kahawia zote zikitoka sawa. Samani zilisikilizwa. Kadi yenye wanawake watatu, mmoja mweusi, mmoja mweupe na mmoja wa Asia, ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2021 Google ilitangaza simu ambayo programu yake ya kamera ilirekebishwa mahususi kwa ngozi za rangi mbalimbali, na hiyo peke yake inaeleza mengi kuhusu miaka iliyotangulia.

Kitu ambacho programu haitakupa ni kujua jinsi ngozi nyeusi inavyoonyesha umbo. Ngozi nyeupe inaonyesha umbo kwa vivuli. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo kwa mng'ao: ule mstari wa mwanga juu ya shavu, kwenye paji, pembeni mwa pua. Ukimpiga mtu flashi ya mbele, mng'ao unakuwa vidoa vyeupe na sehemu nyingine inalala bapa. Ukimpa mwanga mpana wa pembeni, mng'ao unanyooka na uso unasimama. Na ukiona ngozi imekuwa nzito, usiivute juu sana baadaye kwenye kuhariri. Ngozi nyeusi iliyoongezwa mwanga kupita kiasi haiwi angavu. Inakuwa na rangi ya majivu, na karatasi inaizidishia ujivu huo.

Dirisha ndiyo taa nzuri kuliko zote nilizowahi kutumia, nami nimewahi kupoteza fedha kwenye taa. Mwambie mtu aketi hatua moja au mbili kutoka dirishani, ageuze uso nusu kulielekea, nawe simama ukiwa umeuegemea ukuta uleule wenye dirisha, ili dirisha lisiingie kwenye fremu. Kisha angalia macho yake. Ndani ya kila jicho kunapaswa kuwa na kidoa cheupe, taswira ya dirisha lenyewe. Kisipokuwapo, mwambie ainue kidevu kidogo, au sogea wewe nusu hatua. Macho yasiyo na kidoa hicho yanaonekana kama yamezimwa, na kwenye karatasi, ambayo tayari haina taa yake, yanazimika zaidi.

Nje, jua likiwa utosini, macho yanakuwa mashimo. Nenda kwenye kivuli, lakini usiingie ndani kabisa. Simama kwenye ukingo wake, mtu akitazama nje kwenye uwazi. Flashi ya simu ihurumie. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga wake unaofika unabaki robo, kwa hiyo kwa mtu aliye mita nne kutoka kwako inafanya kazi ndogo sana.

Ukali wa picha

Kabla ya kitu kingine chochote, futa lenzi. Simu inashinda mfukoni na mikononi, na ute wa vidole juu ya lenzi unatandaza ukungu ambao kwenye kioo kidogo unaonekana kama "mwanga mzuri" na kwenye karatasi unaonekana kama ukungu. Kitambaa laini cha pamba, sekunde tatu.

Usivute picha kwa vidole viwili. Kama simu yako haina lenzi ya pili ya kuvuta, kuvuta huko ni kukata tu katikati ya picha na kutupa kingo, jambo unaloweza kulifanya baadaye kwa utulivu. Sogea kwa miguu.

Picha nyingi ninazoletewa zikiwa "hazijakaa sawa" hazina tatizo la fokasi, zina tatizo la mtikisiko. Mtu aliyeketi anahitaji shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isiyozidi sehemu ya 60 ya sekunde. Mtoto anayekimbia anahitaji sehemu ya 500 au pungufu. Mwanga ukiwa hafifu, kamera inaiacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, na mkono wako unasajiliwa. Unaweza kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ukubali chembechembe. Mimi huchagua chembechembe bila kusita, kwa sababu karatasi inazisamehe, mtikisiko haisamehe. Kwenye kamera yenye kipenyo kinachobadilika (tundu la lenzi linalopitisha mwanga), f/2.8 inapitisha mwanga mara mbili ya f/4, lakini kinachokuwa kwenye fokasi kinapungua, kwa hiyo hakikisha ni jicho, na liwe jicho la karibu nawe. Hali ya usiku ya simu inachukua picha nyingi kwa sekunde kadhaa na kuziunganisha. Ni nzuri kwa jengo, kwa watu inatoa vivuli vya mizimu.

Ile hali ya kufifisha mandhari ya nyuma ambayo simu inaigiza kwa hesabu, itazame kwanza ukiwa umeikuza. Nywele na masikio mara nyingi yamekatwa kama kwa mkasi usio na makali. Kwenye simu huoni. Kwenye karatasi ya A4 utaona kila siku.

Kuhusu kununua kamera mpya: mchagua jembe si mkulima.

Hesabu ya pikseli

Viraka vya ukutani vilitoka hapa. Jicho lenye afya linatenganisha nukta zilizo umbali wa takriban dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Ukishika picha sentimita 30 kutoka usoni, hiyo ni kama nukta 290 kwa kila inchi, na ndiyo asili ya ile namba 300 unayoisikia kila mahali. Haikushuka kutoka mbinguni. Ukirudi nyuma hadi sentimita 60, nusu yake inatosha. Bango la barabarani lina nukta unazoweza kuzihesabu kwa kidole, na hakuna anayelalamika.

Picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa kiwango cha 300 inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800 hivi, yaani megapikseli (milioni za pikseli) mbili tu. A4 inahitaji 2,480 kwa 3,508, haifiki megapikseli tisa. Simu inayotoa megapikseli 12, ambazo ni 4,000 kwa 3,000, inaimudu A4 bila jasho. Hata simu iliyoandikwa 48 kwenye boksi kwa kawaida inaunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa hizo hizo 12, na picha inakuwa safi zaidi kwa hilo. Kwa hiyo tatizo halikuwa kamera yangu.

Tatizo lilikuwa njia. Picha ya shangazi nilimtumia binamu kwa WhatsApp, nikaifuta kwenye simu ili kupata nafasi, halafu siku ya kuisafisha nikaichukua kutoka kwenye mazungumzo yale. Kwa utumaji wa kawaida WhatsApp huipunguza picha hadi upande mrefu usizidi pikseli 1,600 hivi, kisha huibana. Ukizitandaza 1,600 kwenye sentimita 30, unapata kama 135 kwa inchi. Kwa picha ya ukutani hizo zingeweza kuvumilika. Kisichovumilika ni ule mbano. JPEG inaigawa picha katika vijisanduku vya pikseli nane kwa nane na kurahisisha kilichomo ndani ya kila kimoja. Inapobana sana, mipaka ya vijisanduku inajitokeza, hasa mahali palipo laini kama ukuta au anga. Vile vigae vyangu vidogo. Na kila ukiihariri na kuihifadhi upya kwa JPEG, mbano unarudiwa juu ya mbano.

Tangu 2023 WhatsApp ina chaguo la HD, ambalo ni afadhali lakini bado linabana. Tuma picha kama hati, au kwa barua pepe, au peleka kwenye flashi ya USB. Kupiga picha kioo cha simu ili uchape ulichokiona ni njia ya mwisho kabisa.

Jambo moja la kukuondolea hofu: ukifungua taarifa za faili ukakuta imeandikwa 72 kwa inchi, hilo ni lebo tu. Halisemi chochote kuhusu ubora. Hesabu pikseli. Kubadilisha 72 kuwa 300 bila kuongeza pikseli ni kubadilisha lebo ya gunia. Na zile programu zinazokuza picha kwa akili bandia zinabuni kile ambacho hakikuwepo. Kwa majani ya mti sina shida nazo. Kwa uso wa mtu ninayemjua, sizitumii. Zimewahi kunirudishia jicho ambalo si la ndugu yangu.

Utosi ulienda wapi

Kamera nyingi za simu zinapiga kwa umbo la nne kwa tatu. Karatasi ya 20 kwa 30, kama ile ya 10 kwa 15, ina umbo la tatu kwa mbili. Hayalingani. Ukiijaza karatasi hiyo kwa picha iliyolazwa, sehemu moja kati ya tisa ya kimo chake lazima ikatwe, nusu juu na nusu chini, na mashine haijui kwamba juu kuna kichwa. A4 ina umbo lake, 20 kwa 25 lina lake. Hali ya 16 kwa 9 kwenye simu wala haikupi picha pana zaidi. Mara nyingi inakata juu na chini tu.

Tangu siku ile nikipiga naacha nafasi ya kutosha juu ya kichwa, hata kama inaonekana ovyo kwenye kioo. Na picha naikata mwenyewe kwa umbo la karatasi kabla ya kuipeleka. Ukipenda picha yote ibaki, omba iwekwe nzima na ukingo mweupe. Kumbuka pia kwamba uchapaji usio na ukingo huikuza picha kidogo ili wino ufike mwisho, kwa hiyo milimita chache zinaliwa kila upande. Usiweke maandishi huko.

Gauni la buluu

Skrini inatengeneza rangi kwa kujumlisha mwanga: nyekundu, kijani, buluu. Wino unatengeneza rangi kwa kunyima, yaani kila tone linameza sehemu ya mwanga mweupe na kurudisha iliyobaki. Buluu kali na kijani kinachowaka ni rangi ambazo skrini inaziweza na wino wa kawaida hauziwezi. Hapo hakuna fundi wa kumlaumu. Rangi yenyewe haipo kwenye chupa.

Lakini sehemu ya hasara inaepukika. Rangi ndani ya faili ni namba, na namba zinahitaji kamusi. Kamusi ya kawaida, sRGB, ilitungwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na maabara nyingi za picha zinaitegemea. Simu kadhaa za sasa zinatumia kamusi pana zaidi iitwayo Display P3. Namba za kamusi pana zikisomwa kwa kamusi nyembamba, rangi zinapauka. Kabla ya kupeleka, hifadhi nakala ya JPEG kwa sRGB. Hapo hapo utakuwa umeepuka faili za HEIC, ambazo si kila kompyuta inazifungua. Usijigeuzie rangi kuwa za wino nne (CMYK) kwa sababu ulisoma mahali kwamba wachapaji wanaitaka. Hiyo ni kwa vitabu na majarida. Mashine za picha hupokea nyekundu, kijani na buluu na kufanya tafsiri zenyewe.

Na chumba kikiwa na taa za aina mbili, zima moja. Kwa Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, balbu ya manjano iko karibu na 2,700 na mchana karibu na 5,500. Kamera inaweza kusahihisha moja, siyo zote mbili kwenye shavu moja.

Mashine na karatasi

Maabara kubwa bado zinatumia karatasi inayohisi mwanga: leza inaimulika kwa nyekundu, kijani na buluu, kisha inapita kwenye kemikali. Haina nukta za wino, na kwa nyuso za watu ni vigumu kuishinda. Vibanda vya papo kwa papo mara nyingi vinatumia utepe wa rangi unaopashwa moto ukahamia kwenye karatasi, wa njano, wa waridi iliyoiva na wa samawati, kisha tabaka wazi la kulinda. Picha inatoka ikiwa kavu. Printa za matone ya wino ndizo zenye uchaguzi mpana wa karatasi, na zenye wino wa chembe za rangi hudumu kuliko zile za wino ulioyeyushwa. Printa ya leza ya ofisini inafaa kwa barua.

Karatasi inayong'aa ina weusi mzito na rangi kali, lakini inaakisi kila taa na kushika kila kidole. Isiyong'aa ni tulivu, nzuri chini ya kioo cha fremu na kwa picha yenye chembechembe, ila vivuli vyake viinue zaidi. Kati yake kuna ile ya mng'ao wa nusu yenye vinyweleo kama ngozi, na usipojua uchague nini, chukua hiyo. Ukichapa nyumbani, iambie printa ni karatasi ya aina gani umeweka. Mipangilio ya karatasi ya kawaida juu ya karatasi ya picha inamwaga wino kwa kipimo kisicho chake, na ndiyo sababu ya picha nyingi zenye tope.

Usianze na kubwa. Tengeneza nakala tatu za 10 kwa 15: moja kama ilivyo, moja vivuli vimeinuliwa kidogo, moja vimeinuliwa zaidi. Mwambie mchapaji azime marekebisho yanayojiendesha, vinginevyo mashine itazisawazisha zote tatu na hutajifunza kitu. Zitazame mchana, dirishani, kisha zitazame pale zitakapotundikwa. Iliyochapwa kwa wino iache ikauke siku nzima kabla ya kuifungia, na isigusane na kioo. Kipande cha kadi chenye dirisha katikati kinaweka nafasi hiyo. Jua la moja kwa moja litaila taratibu, karatasi iwe ya aina yoyote.

Faili halisi ya shangazi niliipata kwenye nakala za akiba nilizosahau kama ninazo. Nikainua vivuli, nikaikata mwenyewe, nikachagua karatasi isiyong'aa. Ya pili kati ya zile tatu ndiyo iliyoshinda. Gauni halijarudi kuwaka. Upande wa uso ulio mbali na dirisha una chembechembe, maana nililazimika kuuvuta kutoka gizani, na ukisogea karibu utaziona. Kutoka kwenye kiti changu, hatua tatu kutoka ukutani, sizioni.